Sebene Inaanza Saa Ngapi?

Wapi Yo, albamu ya Lokua Kanza, haipigwi nganda, yaani katika baa zetu. Mwenye nganda yeyote wa Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu, hata kama mmekua pamoja, atakuachia wimbo mmoja kwa heshima, kisha mkono utaenda kwenye kitufe kabla wateja hawajaanza kutazamana. Simlaumu. Watu wamenunua bia, wanataka miguu ipate kazi. Lakini kukataliwa huko, mwaka baada ya mwaka tangu 1995, kumetuzoesha jambo la uongo: kwamba albamu ile ni kitu kidogo, muziki wa kumbembeleza mgonjwa, na kwamba Lokua Kanza ni jina la kutaja tu tunapohesabu watoto wa Bukavu waliofika mbali.

Mimi nasema hivi. Katika miaka ya 90, muziki wa Kongo ulipopaza sauti kuliko wakati wowote kabla yake, rekodi iliyohitaji ujasiri zaidi ni hii iliyoishusha. Na wa kwanza kuipuuza tulikuwa sisi wenyewe, watu wa mji aliozaliwa.

Tuseme ukweli, madai yetu kwake ni membamba. Pascal Lokua Kanza alizaliwa Bukavu mwaka 1958, kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Baba alikuwa Mmongo, nahodha wa meli. Mama ni Mtutsi wa Rwanda. Mwaka 1964 familia ikahamia Kinshasa, kwa hiyo ziwa na vilima vyetu alivijua kwa macho ya mtoto wa miaka sita tu. Huko Kinshasa waliishi vizuri hadi baba alipofariki. Nyumba ikawa ndogo, mtaa ukawa mwingine, na kijana mkubwa wa nyumba akaanza kutafuta riziki. Aliimba kanisani, akaimba katika vikundi vya rumba, akasoma muziki konservatwari ya Kinshasa, na kuelekea mwaka 1980 akaingia katika kundi la Abeti Masikini, yule mama wa Kisangani aliyekuwa tayari amepanda jukwaa la Olympia mjini Paris. Mwaka 1984 na yeye akaenda Paris. Akasoma jazi, akapiga na Ray Lema, akapiga na Manu Dibango. Mwaka 1992 alifungua onyesho la Angélique Kidjo katika Olympia ileile, akiwa bado hana hata albamu moja yenye jina lake. Ya kwanza ikatoka mwaka 1993, na haikuwa na kichwa zaidi ya jina lake. Ya pili, 1995, ndiyo Wapi Yo.

Watu wa Bukavu tuna tabia ya kudai watu. Mtu akipita hapa wiki mbili akingojea ndege ya Kavumu, kisha akaja kuwa waziri, tayari ni mtoto wa nyumbani. Lokua tunamdai kwa nguvu zaidi, maana kweli kitovu chake kiko hapa. Ila ukimwuliza anayemdai akutajie wimbo mmoja wa Wapi Yo, utasikia kikohozi.

Ili kuelewa kwa nini, rudi kwenye mwaka 1995 na usikilize kilichokuwa kikipigwa. Koffi Olomide alikuwa kileleni. Wenge Musica BCBG walikuwa bado kitu kimoja, miaka miwili kabla ya kugawanyika na kutufanya sote tuchague upande, wa JB Mpiana au wa Werrason. Mpango wa wimbo ulikuwa unajulikana hata na watoto: unaanza polepole, beti mbili tatu za mapenzi, sauti zinapishana kwa adabu, halafu gita la solo linapanda, ngoma inabadilika, atalaku, mhamasishaji wa kundi, anaingia na makelele yake, na hiyo ndiyo sebene, sehemu ambayo watu wote wamekuwa wakiingojea. Katikati ya sebene, na siku hizi hata kabla yake, yanatupwa mabanga. Tajiri wa almasi, afande mwenye nyota begani, mfanyabiashara wa nguo aliyeko Brussels, mke wa fulani, mtoto wa fulani: kila mmoja anatajwa, na kila mmoja, au rafiki yake, ametoa kitu.

Wengine hudharau mabanga. Mimi naona ni biashara inayoeleweka. Katika nchi ambayo rekodi inanakiliwa sokoni kabla mwanamuziki hajapata hata faranga, ni nani atalipa studio? Anayetajwa ndiye anayelipa. Na aliyetajwa atahakikisha wimbo unapigwa: ataununua, ataupeleka kwenye harusi ya binamu yake, atamwomba mwenye nganda aurudie. Kila jina ni mguu ambao wimbo unautumia kutembea. Sasa chukua albamu ambayo haitaji mtu hata mmoja. Haina tajiri, haina afande, haina atalaku, haina sebene. Inatoka Paris ikiwa haina miguu. Ilitarajiwa ifikeje Cimpunda?

Kwetu ilifika kwa kaka yangu mkubwa, katika kaseti iliyonakiliwa, yenye jina lililoandikwa kwa kalamu ya bluu na herufi moja ikiwa imekosewa. Mzee jirani yetu, mpenzi wa muziki wa Franco kutoka siku za Franco, alikuja na kiti chake akaketi karibu na mlango. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu ulipofika katikati akainua kichwa, akamwuliza kaka yangu kwa upole kabisa: "Mwanangu, sebene inaanza saa ngapi?"

Tulicheka sana, na ule msemo ukabaki nyumbani. Mtu akichelewesha chakula, sebene inaanza saa ngapi? Padri akirefusha mahubiri, vilevile. Lakini swali la mzee lilikuwa swali la mtu anayejua kusikiliza. Alikuwa amesikia kwamba kila wimbo ulikuwa unajiandaa, na akafikiri, kama sikio lake lilivyofundishwa, kwamba maandalizi lazima yawe ya kitu fulani. Lokua amechukua ile nusu ya kwanza ya wimbo wa Kongo, nusu ambayo wengi huipitia haraka kama mtu anayepita sebuleni kwenda kwenye ngoma nyuma ya nyumba, akaketi humo akafanya makazi.

Na humo ndani kuna kazi. Tega sikio kwenye gita. Ni la akustiki, linapigwa kwa vidole, na kipaza sauti kimewekwa karibu kiasi kwamba unasikia kidole kikiteleza kwenye uzi kinapohama kutoka chodi moja hadi nyingine, ule mkwaruzo mfupi ambao mafundi wengi wa studio hujitahidi kuufuta. Unasikia pumzi kabla ya neno. Sauti yenyewe inaanzia chini, karibu na ya mtu anayeongea mezani, kisha inapanda hadi ile sauti nyembamba ya juu ambayo wanaume wengi huikimbia wakiogopa kuchekwa. Yeye haikimbii na haionyeshi kwa fahari. Anaiingia na kutoka kama mtu anayejua nyumba gizani. Nyuma yake kuna viitikio, na vingi ni sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa mara nyingi na kupangwa tabaka juu ya tabaka, hadi unasahau kuwa unamsikiliza mtu mmoja. Vyombo vya kupiga ni vichache na vinajua kunyamaza. Kuna mahali ambapo mwanamuziki mwingine yeyote angeingiza dramu, na yeye anaacha nafasi tupu. Nafasi hiyo inauma, kwa maana nzuri.

Kupiga kwa nguvu kunaficha mengi. Kundi la watu 20 jukwaani, mmoja akikosea nani atajua? Ukiwa na gita moja na sauti moja, kila kosa lina jina lako.

Sasa niseme kuhusu nyumba zetu, maana hapo ndipo albamu hii ilipata utetezi wake wa kwanza moyoni mwangu. Cimpunda ni mojawapo ya kartie za komini ya Kadutu, na anayeijua anajua ilivyobanana. Mlima umejaa nyumba za mbao zilizoshikana bega kwa bega, bati la jirani wa chini likiwa usawa wa kizingiti chako. Ukuta ni ubao mmoja. Mtoto wa nyumba ya tatu akikohoa usiku unajua ni yupi. Ugomvi wa mume na mke ni mali ya avenyu nzima, na moto ukishika nyumba moja hauulizi ya pili ni ya nani. Katika mtaa wa namna hii, redio kubwa ni aina ya utawala: anayepiga kwa sauti ya juu anawachagulia majirani 40 watakachosikia. Jumapili mchana unaweza kusimama kwenye ngazi za udongo ukasikia nyimbo nne kwa pamoja, moja ya Mungu na tatu za dunia, na hakuna hata moja unayoweza kuifuata.

Wapi Yo ilikuwa rekodi ya kwanza niliyoijua ambayo ilikaa ndani ya nyumba yake. Ilitosha chumba, haikuvuka ubao. Tuliipiga usiku, umeme wa shirika la SNEL ukiwa umekwenda zake, kwenye redio ya mawe manne, yaani betri, ambayo mchana tulikuwa tumeyaanika juani ili yapate uhai wa saa moja zaidi. Mawe yakichoka sauti ya mwimbaji huanza kuzama na kuvuta. Kwa Wenge ilikuwa kichekesho, kwa Lokua ilikuwa karibu iwe sehemu ya muziki. Adui wake mmoja tu alikuwa mvua. Bukavu mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na ikishuka juu ya mabati hakuna gita la vidole linaloweza kushindana nayo. Unazima, unangoja. Albamu hii inakulazimisha kuchagua saa ya kuisikiliza, jambo ambalo muziki mwingine wa wakati ule haukutuomba kamwe. Huo ulitujia wenyewe, tupende tusipende.

Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba huu ni muziki wa wazungu, rumba iliyooshwa ili Paris ipate kuinywa. Hoja hii inanikera kwa sababu wanaoitoa wamesahau masikio yao wenyewe. Pita kwenye parokia yoyote ya Kadutu jioni ya mazoezi ya kwaya. Mwalimu hana kinanda, ana vidole na uma wa sauti kama ana bahati. Anawapa soprano mstari wao, anawapa alto wao, tena tenori, tena besi, kila kundi peke yake, mara kumi, kisha anainua mikono na wote wanaingia pamoja kwa sauti ya chini ili wasikilizane. Hiyo ndiyo Wapi Yo. Mtu aliyeimba kanisani utotoni amechukua mazoezi ya kwaya, akayaimba makundi yote manne yeye mwenyewe. Hakuna kitu cha nyumbani zaidi ya hicho.

Na ukitaka kwenda nyuma zaidi ya misheni, nenda. Bashi walikuwa na lulanga, ubao mrefu uliochimbwa ndani, nyuzi zikipita juu yake, unapigwa na mtu aliyeketi akiwasimulia wachache waliokaa karibu. Alan Merriam, mtafiti wa Marekani, alikuja huku mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaandika na kurekodi muziki wa Bashi. Ukivuka Ruzizi hadi Burundi unakuta inanga ya kunong'ona, ambapo mwimbaji hapazi sauti kabisa. Ananong'ona maneno juu ya nyuzi, na nyuzi ndizo zinazompa sauti. Hapa pembeni mwa ziwa watu walijua zamani kwamba wimbo unaweza kuimbwa kwa ajili ya mtu mmoja aliye mbele yako. Sidai kwamba Lokua alijifunza lulanga. Alikuwa na miaka sita alipoondoka. Nadai tu kwamba anayemwita mgeni kwa sababu anaimba chini chini hajui kilichoimbwa hapa kabla ya spika.

Hata gita lenyewe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana anayeitwa Jean-Bosco Mwenda akipiga gita la akustiki kwa vidole viwili kwa namna iliyoshangaza dunia. Wimbo ukaitwa Masanga, na Mwenda aliimba Kiswahili. Mtu mmoja, gita moja, Kiswahili cha Kongo: hiyo ilikuwa pop ya mashariki mwa nchi hii kabla Kinshasa haijatupelekea magita manne na spika zenye urefu wa mtu. Mwenda alifariki mwaka 1990. Miaka mitatu baadaye Lokua alitoa albamu yake ya kwanza. Hakuna aliyepanga mfuatano huo, lakini nauona.

Paris nako hawakujua wamweke wapi. Madukani walimweka kwenye rafu ya muziki wa dunia, kati ya ngoma za Burundi na filimbi za Andes, na kosa hilo lilimgharimu kuliko nganda zote za Kadutu. Kwa sababu ukiondoa lugha, hii ni albamu ya pop ya miaka ya 90 kwa kila kipimo: nyimbo fupi zenye kiitikio cha kushika, zilizoandikwa na mwimbaji mwenyewe, zikipigwa kwa vyombo vichache. Muongo ule roki yenyewe ilikuwa inachoka kujisikia. Eric Clapton alitoa Unplugged mwaka 1992 na dunia ikainunua kwa mamilioni. Nirvana, watu wa kelele kweli kweli, waliketi vitini New York mwishoni mwa 1993, mishumaa pembeni, wakapiga bila vurugu yao ya kawaida. Albamu ya usiku ule ikatoka 1994, mwimbaji wao akiwa ameshakufa. (Kupiga bila umeme ilikuwa habari kubwa huko. Sisi SNEL walikuwa wametuingiza katika mtindo huo mapema.) Mwaka huohuo 1994 Jeff Buckley alitoa Grace, na ukitaka kumjua ndugu wa karibu wa sauti ya Lokua, nenda pale: mwanaume asiyeogopa sauti nyembamba, gita lililo wazi, ukimya unaotumiwa kama chombo. Grace nayo iliuza kidogo mwanzoni. Buckley akafa maji mwaka 1997, na baada ya hapo wakosoaji, wanamuziki wenzake na mashabiki wakairudia albamu ile hadi ikahesabiwa miongoni mwa rekodi kuu za muongo wake.

Grace ilipata watu wa kuirudia. Wapi Yo ilihitaji watu wa namna hiyo, na wangepaswa kuwa sisi. Roki mbadala ilikuwa na magazeti yake, redio za vyuo vikuu, vijana waliokuwa na fahari ya kupenda kitu ambacho wengi hawakijui. Sisi tulikuwa na nganda, harusi, na redio. Radio Maendeleo ilikuwa imeanzishwa Bukavu mwaka 1993, lakini ilikuwa na mambo mazito ya kutangaza kuliko gita la vidole.

Ndugu wa Lokua upande wa Uganda alikuwa na bahati ileile. Geoffrey Oryema, aliyetoroka nchi ya Idi Amin mwaka 1977 ndani ya buti ya gari baada ya baba yake, waziri, kuuawa, alitoa albamu ya Exile mwaka 1990, Brian Eno akiwa mtayarishaji. Ni rekodi ya mtu anayeongea na giza. Ulaya waliiheshimu, wakaiweka kwenye rafu ileile ya muziki wa dunia. Kwao Uganda ilichelewa sana kufika. Nikiwasikiliza wawili hawa mfululizo najiuliza kwa nini hatukuwahi kuwa na jina la kuwaita, kwa nini wanamuziki wa Maziwa Makuu walioshusha sauti katika muongo uleule walipita kila mtu na njia yake kana kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Muongo wenyewe haukuwa wa kusikiliza. Kuanzia Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi kwa mamia ya maelfu. Mwishoni mwa Oktoba 1996 waasi wa AFDL waliingia Bukavu, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa tarehe 29. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, mwaka uleule Lokua alipotoa albamu ya tatu, aliyoiita 3 na basi. Haukuwa mwaka wa kununua muziki. Zaidi ya hayo, katika miaka hiyo swali la "wewe ni mtoto wa nani" liliacha kuwa salamu katika Kivu. Likawa swali la kizuizi cha barabarani, linaloulizwa na mtu mwenye bunduki, na mtu aliyezaliwa na baba Mmongo na mama Mtutsi hakuwa na jibu fupi. Wengine wamemlaumu Lokua kwamba hakuimba vita. Sioni lawama hapo. Kulikuwa na watu wengi wa kutuimbia kabila lipi ni adui. Yeye, ambaye angeweza kudaiwa au kufukuzwa na pande zote, aliimba mapenzi, mtoto, kutokuwapo kwa mtu, Mungu, kwa Lingala, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kutegemea diski. Mtu anayesema huo ni woga ajaribu kuwa mtoto wa ndoa ile hapa Bukavu mwaka 1996.

Siitetei kila kitu. Kuna mahali Wapi Yo ni safi mno. Studio ya Paris imepiga pasi hadi kitambaa kikang'aa, na ninatamani mkunjo mmoja. Kuna viitikio vinavyorudi mara moja zaidi ya ilivyohitajika. Na njia aliyoifungua mwenyewe aliiacha kidogo baadaye: Plus Vivant ya 2005, ambayo sehemu kubwa ni Kifaransa, kwangu ni albamu ya mtu mwenye adabu aliyealikwa chakula cha jioni. Sauti ya bure kabisa alikuwa ameipata mwaka mmoja kabla, pamoja na wengine, katika Toto Bona Lokua ya 2004, yeye na Gerald Toto na Richard Bona wa Kamerun, watu watatu wakicheza na midomo yao kama watoto wasioitwa kula. Wanaomjua leo wengi wanamjua kwa kiti chekundu cha The Voice Afrique Francophone, mzee mpole aliyewafariji vijana walioshindwa. Ni kazi ya heshima. Lakini inakuza ile sura ya mtu wa kubembeleza, na inaficha ukaidi wa yule kijana wa 1995 aliyekuwa anajua kabisa jinsi ya kupiga sebene, alikuwa ameipiga miaka mingi kwa mkate wake, na akaamua kutoiweka.

Kinachobadilika sasa ni simu. Kijana wa Cimpunda anashuka kwenda soko la Kadutu na waya masikioni, au nyuma ya motari, au ameketi kwenye foleni ya maji, na anachosikiliza hakiombi ruhusa kwa mwenye nganda wala kwa majirani 40. Nimeanza kukutana na vijana wenye magita ya bei nafuu, wengine waimbaji wa kwaya, wengine watu wa slam, wanaoniambia jina la Lokua kabla sijalitaja. Hawakumpata kwa redio wala kwa harusi. Wamempata peke yao, usiku, kwa megabaiti walizozibana. Mmoja alinipigia kipande cha Wapi Yo alichokitoa kwa kusikiliza tu, na alipofika kwenye ule mkwaruzo wa kidole kwenye uzi akaupiga nao, kwa makusudi, mahali pake hasa, akidhani ni noti.

Kaka yangu mkubwa, aliyeileta ile kaseti, hajabadilika hata kidogo. Anasema albamu ni nzuri lakini si muziki wa Kongo, kwamba muziki wa Kongo lazima mtu ainuke. Tunabishana kila tunapokutana, kwa hoja zilezile. Akichoka kubisha huniomba niweke Feux de l'amour ya JB Mpiana, ya 1997, na mimi naiweka, tena naongeza sauti, kwa sababu sebene ile ni tamu na majirani wameshazoea.